Mchanga Usiotiwa Gundi

2 Septemba
Mvua imerudi, na mimi nimerudi kuandika. Kila mwaka ni hivyo: kiangazi mikono yangu ina kazi, wakati wa mvua mchanga unakataa kukauka nami nabaki na kalamu. Yaya Brigitte anasema kiziwi angalau angekuwa na faida ya kunyamaza, lakini mimi nikikosa wa kusema naye nasema na karatasi. Yaya ni dada yangu mkubwa na ndiye mwenye nyumba hii ya mtaa wa Rwambuzi, hapa Bunia. Mdomo wake hauna mlango. Hilo nalijua kwa macho, maana midomo yake naisoma tangu nilipokuwa na miaka tisa, mwaka ule homa iliponichukulia masikio.

3 Septemba
Mvua. Nimekaanga mchanga kwenye sufuria juu ya mbabula ya makaa, ukauke. Yaya ameuliza utaiva lini.

7 Septemba
Motari Alexis, dereva wa pikipiki, ameniletea mchanga mwekundu kutoka Mongbwalu, kifuko kizima, umelowa kama ugali. Mweupe nauchota mwenyewe mto Shari. Wa manjano unatoka njia ya Aveba, pale walipokata kilima. Mweusi ni makaa niliyoyasaga. Rangi ya dukani situmii. Si kwa kiburi, ila inapauka na wateja wanarudi kugomba.

Kazi yenyewe haina siri. Nachora kwa kalamu juu ya ubao wa triplex, napaka gundi, namwaga mchanga, nakung'uta unaobaki. Watu wanataka okapi, yule mnyama wa msituni mwenye miguu ya milia. Ofisi za mji huu zimejaa okapi wangu. Wa kwanza nilimpenda sana. Siku hizi namtengeneza huku nawaza mambo mengine, na yeye pia anaonekana anawaza mambo mengine.

14 Septemba
Leo wamekuja wateja wa ajabu, na tangu waondoke sijatulia.

Walikuwa watatu. Mbele alikuwa Muzee Paul, mrefu, koti la suti juu ya buti za mvua. Nyuma yake shemeji yake, Mama Gertrude, mwanamke mwembamba aliyefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Wa tatu ni binti wa huyo mama, Solange, na huyo ndiye aliyenifurahisha: hakunipigia kelele kama wengine wanavyofanya, alitoa simu akaniandikia. Ni watu wa Djugu, walikimbia vita, sasa wanakaa kambini huku mjini chini ya mahema ya turubai.

Wanataka picha ya mtu. Anaitwa Blanchard, ni mtoto wa Mama Gertrude. Nikaomba fotografia. Hakuna, iliungua na nyumba. Nikauliza kioo cha ukubwa gani. Hawataki kioo. Fremu? Hawataki fremu. Nikauliza basi wataitundikaje. Muzee Paul akainama ili niuone mdomo wake vizuri, akasema polepole:

"Siye hatutaki kole. Hata kidogo. Mchanga tu, juu ya ubao."

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikamwonyesha chupa ya gundi, nikatikisa kichwa kuuliza. Akatikisa chake pia. Solange akaandika kwenye simu: bila gundi, iwe tayari mwisho wa Novemba.

Picha ya mchanga bila gundi! Kuku mmoja akipita, imekwisha. Mtu akikohoa, pua imehamia kwenye shavu. Ni nani anayetaka kitu cha namna hiyo, tena wakati wa mvua? Nilikubali. Nisingekubali ningekufa kwa kutaka kujua.

15 Septemba
Yaya anasema ni uchawi. Mimi nasema ni watu wasiopenda harufu ya gundi. Hakuna kati yetu anayeamini anachosema.

21 Septemba
Nimekwenda kambini kuuliza uso wa Blanchard. Nilifikiri ni kazi ya mchana mmoja. Kumbe wapi! Muzee Paul anasema uso mpana. Solange anasema mrefu. Jirani yao anasema alikuwa na ndevu, mwingine anaapa hakuwahi kuwa nazo. Mama Gertrude aliniwekea kiti, akaniangalia nikichora na kufuta, kuchora na kufuta.

Niliona kitu kimoja. Alipopakua chakula aliweka sahani moja pembeni, akaifunika kwa nyingine. Hakuna aliyeigusa. Nilimtazama Solange, naye akatazama chini.

28 Septemba
Nimetengeneza uso kwenye ubao mdogo, kwa kujaribu, nikawapelekea. Muzee Paul alisema ni yeye kabisa. Solange alisema anafanana na binamu yao. Mama Gertrude aliuangalia kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa mgeni. Nimerudi nimekasirika. Nimempiga teke kuku wa yaya, halafu nikamtupia mahindi ili tupatane.

5 Oktoba
Sasa najua.

Solange amekuja peke yake, mvua ikamfungia kwetu. Niliweka kiganja ukutani nikaona bati linavyotetemeka, nikajua hatatoka mapema. Nikampa chai, nikamwandikia swali lililokuwa linanila: gundi ina kosa gani?

Aliandika muda mrefu. Blanchard ni kaka yake. Miaka miwili iliyopita alitoka kambini asubuhi kurudi kwao kuchimba mihogo, kwa sababu watoto wa pale walikuwa na njaa, na hakurudi. Hakuna aliyemwona. Hakuna mwili, hakuna nguo. Wanaume walikwenda kutafuta, wakakuta njia tu. Na mama yake hajamlilia hata siku moja. Ukimlilia mtu aliye hai unamwitia kifo, kila mtu anajua, na mama hawezi kuwa wa kwanza kusema kwamba mtoto wake amekufa. Ndiyo maana ya ile sahani iliyofunikwa. Sasa mama mwenyewe amedhoofika. Hali chakula vizuri, analala chini kama mtu wa matanga lakini matanga hayajaanza. Ukoo ukakaa, mchungaji naye akaitwa, wakakubaliana: watamzika kwa picha. Jambo hilo hawajawahi kulifanya. Muzee Paul ndiye aliyesema lazima iwe ya udongo, na kwamba siku yenyewe udongo huo utamwagwa kaburini. Gundi inatoka kiwandani. Mtu haendi kwa wazee wake amegandishwa na kitu cha kiwandani.

Mwisho akatoa kwenye mkoba kifuko cha nailoni, kimefungwa mafundo. Ni udongo wa jikoni kwao, kutoka katikati ya mafiga. Aliuchota mwezi wa saba, alipopita pale na wanawake wengine. Aliuficha hata kwa mama yake.

Nilipokea kwa mikono miwili.

6 Oktoba
Nimeuchekecha ule udongo. Nitasema kweli, maana hapa naandika peke yangu: ni rangi mbaya. Si kahawia, si kijivu. Ukiuweka kando ya mwekundu wa Mongbwalu unapotea, ukiuweka kando ya mweupe unaonekana uchafu. Sijui nitaufanya nini. Lakini sasa sina hasira na uso. Nina hamu ya kumjua huyu mtu kuliko mtu yeyote aliye hai Bunia.

12 Oktoba
Ngurumo mchana kutwa. Naisikia kifuani, ndiyo sauti pekee niliyobakiwa nayo.

19 Oktoba
Nimempata Blanchard, na nimempata kwa macho yangu mwenyewe.

Nilikuwa kambini tena, nimekaa nje na Solange. Watu walikuwa wanabishana juu ya ndevu, kama kawaida, na mimi nilikuwa nimeacha kusoma midomo yao kwa sababu macho yalichoka. Muzee Paul akasimama kueleza jinsi Blanchard alivyokuwa akirudi kutoka kisimani. Akatembea hatua chache. Bega la kushoto limeshuka, mguu wa kulia umegeuka nje, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayetafuta sindano. Watu wakacheka. Jirani naye akasimama akamwigiza: bega lilelile, mguu uleule. Solange vivyo hivyo. Hao hao ambao hawakuweza kukubaliana juu ya pua, kwenye mgongo walikuwa mtu mmoja.

Nikamgeukia Mama Gertrude. Alikuwa amesimama. Akatembea kutoka mlango wa hema mpaka kwenye kamba ya nguo, bega limeshuka, mguu nje, na kwa kitambo kidogo huyo mama mwembamba hakuwepo. Alikuwepo kijana aliyebeba bidoni ya maji tangu utoto. Akageuka, akanitazama machoni mara ya kwanza tangu tujuane.

"Mutoto wangu anatembea vile," alisema.

Alisema anatembea. Hakusema alikuwa anatembea.

Uso siutaki tena. Nitamtengeneza kwa nyuma, anaondoka.

23 Oktoba
Seremala amenipatia ubao mpana wenye ukingo pande zote. Nimeuweka kitandani kwangu, ndipo pasipovuja. Mimi nalala kwenye mkeka. Yaya anasema tangu lini kitanda kikawa cha mchanga. Nimemwambia huyu ni mgeni.

27 Oktoba
Bila gundi kila kitu ni kigeni, nami nimekuwa mwanafunzi. Namwaga kwa vidole vitatu kama mtu anayetia chumvi, nimefunga kitambaa mdomoni ili pumzi isiharibu. Mbingu ni mchanga wa Shari. Kilima ni cha Mongbwalu, mashamba ni ya manjano. Gundi huwa inaupa mchanga kivuli kizito. Bila gundi kila chembe inabaki na mwanga wake. Miaka yote hii nilikuwa naufunika kwa gundi bila kujua.

Na ule udongo mbaya wa jikoni? Ndio Blanchard. Na ndiyo njia aliyoshika. Juu ya nyekundu na manjano haupotei tena. Unakaa kimya katikati ya rangi zote, na jicho linauendea lenyewe.

31 Oktoba
Yaya alikuwa anatwanga pilipili mlangoni kwangu. Nilipiga chafya. Nusu ya kilima imeondoka. Nimelia, halafu nimecheka, halafu nimeanza upya.

6 Novemba
Amekuja Dominique, yule bwana wa chama cha wasanii mjini. Nilimwita mwaka jana aone kazi zangu. Leo ndiyo amepata nafasi. Alipita mbele ya okapi wote kama mtu anayepita mbele ya maduka yaliyofungwa. Kisha yaya, ambaye hawezi kushika siri hata akishikiwa, akamfungulia chumba changu.

Alisimama kando ya kitanda, hakusogea. Nilimwangalia usoni kwa makini, maana uso haujui kusema uongo kama mdomo. Alikuwa kama mtoto.

Desemba kuna maonyesho Kisangani. Anataka kuipeleka, iandikwe jina langu chini, Orly wa Bunia. Hiyo tu, okapi hapana. Nilimweleza kwamba itazikwa. Alidhani nimekosea kusema, akamgeukia yaya, yaya akathibitisha. Basi akaanza kuongea na mikono yake yote:

"Unapulizia kole nyepesi, inashika. Ile familia unawatengenezea ingine. Picha hii iko ya kuonekana na watu, haiko ya kufukia."

Alisema atarudi Jumamosi.

Kesi ni hiyo. Tangu nianze kazi hii watu wamenunua ukuta uliopambwa, hawajawahi kuniangalia mimi. Leo mtu ameniangalia. Nina uchungu kwa kuwa imekuwa kwa kitu kisicho changu.

7 Novemba
Yaya yuko upande wa Dominique. Anasema wafu hawana macho. Nilimwambia mimi sina masikio na bado watu wananiimbia kanisani.

8 Novemba
Mvua ya mawe. Hakuna aliyetoka.

9 Novemba
Nimefanya jambo baya.

Asubuhi, yaya akiwa sokoni, nilichanganya gundi na maji, nikatia kwenye kile chombo cha kunyunyizia. Nilijiambia nitajaribu kona moja tu, pale chini kushoto njia inapoanzia. Nilinyunyiza. Udongo ukawa mweusi kidogo, kama baada ya mvua, ukapendeza. Nikaondoa kitambaa mdomoni nikapuliza. Haukutikisika.

Ningeweza kuendelea. Mkono ulikuwa tayari. Lakini nilikumbuka wiki iliyopita Mama Gertrude alipokuja kuiona. Hakuigusa. Alipitisha kiganja juu yake, karibu kabisa, kutoka bega la mtoto wake mpaka mguu, kama unavyopima joto la mtu mwenye homa. Alikaa hivyo mpaka Solange alipomshika mkono. Niliona haya. Haya ya kweli, ya kuwaka masikio, haya masikio yasiyofanya kazi yoyote nyingine.

Nimemwaga gundi chooni. Dominique alipofika nilimwambia hapana. Aliniomba nimwache afikirie kwa niaba yangu. Nilimwambia kazi hiyo naiweza mwenyewe. Ile kona nimeifunika kwa udongo mkavu juu. Gundi yenyewe ilikuwa maji tu. Itatoka.

16 Novemba
Sijaongeza kitu, sijapunguza. Naingia, naitazama, natoka. Nimegundua kwamba kila nikiingia nategemea atakuwa amesogea mbele kidogo.

23 Novemba
Paa limevuja upande wa mlango. Kitandani hapakuguswa. Yaya mwenyewe ndiye aliyeamka kuweka beseni, na asubuhi nikakuta ametandika khanga zake zote juu ya ukingo wa ubao. Nimempikia sombe ya majani ya mihogo.

30 Novemba
Tumemzika Blanchard. Nataka kuandika kabla sijalala.

Mawingu yalikuwa yameshuka tangu asubuhi. Solange na mimi tulibeba ubao, umefunikwa na mwingine wa ukubwa uleule, tukitembea pamoja kwa hatua moja. Bega lake na langu yalikwenda sawasawa. Motari walisimama barabarani kutupisha, wengine wakavua kofia, bila kujua tumebeba nini. Makaburini watu wa kambi walikuwa wengi. Kaburi lilikuwa fupi, lakini wamelichimba kwa kina cha mtu mzima. Mchungaji aliongea. Sikumsoma. Nilikuwa nalinda ubao dhidi ya upepo kwa mgongo wangu.

Ulipofunuliwa, watu walisogea. Nikawaona wakimtambua. Hakuna aliyezungumzia ndevu. Wanawake wakaweka mikono vichwani, mzee mmoja akageuka akatembea pembeni. Mama Gertrude peke yake hakubadilika. Alikuwa amesimama na macho makavu, kama mtu anayemngoja mwingine aanze.

Muzee Paul na Solange wakauinamisha ubao. Mbingu ikaondoka kwanza, nyeupe, halafu kilima na mashamba. Mwisho yeye. Aliteremka na bega lake limeshuka, na sikuweza tena kutofautisha udongo wake na ule wa kaburini. Nilifikiri nitaumia kuona kazi yangu inakwisha. Sikuumia. Ilikuwa imefika ilipokuwa inakwenda.

Kisha nikaona ubao. Kona ya chini kushoto haikutoka.

Muzee Paul aliukung'uta mara ya kwanza, mara ya pili. Akapitisha kidole gumba juu yake. Akakinusa. Akaniangalia.

"Binti, weye ulitia kole."

Niliitikia kwa kichwa. Uongo sikuwa nao, na hata ningekuwa nao nisingeuleta mahali pale. Nilitoa kisu changu cha kazi, nikapiga magoti kwenye matope, nikaanza kukwangua. Zilitoka chembe kidogo. Niliendelea, nasikia aibu: mtu wao amezikwa pungufu kwa sababu mimi nilitaka jina langu Kisangani.

Mkono ukanishika kwenye kifundo cha mkono. Ulikuwa wa Mama Gertrude. Aliinama mpaka mdomo wake ukawa mbele ya macho yangu, akasema taratibu, kila neno peke yake, ili nisikose hata moja:

"Acha. Ile iko njia. Njia ibakie."

Halafu akakaa chini, hapohapo kwenye matope, akaniegemea. Kitambaa kilimtoka kichwani. Nikahisi kitu begani, kama bati mvua inapoanza, kikaingia mpaka kwenye mifupa yangu, kikakua. Ilikuwa sauti yake. Alikuwa analia. Miaka miwili yote ilikuwa inatoka, nami nilikuwa ukuta wa kuipokea. Wanawake wengine wakaja wakakaa kumzunguka. Muzee Paul alishika koleo mwenyewe.

Mvua haikunyesha mpaka tulipofika nyumbani.

1 Desemba
Nimelala kitandani kwangu. Yaya amekuja kuangalia kama bado niko hai.

5 Desemba
Nimekwenda kambini na sombe. Mama Gertrude amenyolewa nywele, ni desturi yao ya matanga, na kichwa chake ni kidogo kama cha msichana. Tulikula. Sahani zilikuwa sawa na watu.

7 Desemba
Jua. Vumbi la kwanza njiani. Mchanga wa Shari umekauka wenyewe kwenye gunia.

Muzee Paul alisema ubao nibaki nao, nami nimeutundika ukutani palipokuwa na okapi. Ni triplex tupu, na kwenye kona ya chini kipande cha njia, rangi ile ya jikoni ambayo si kahawia wala kijivu. Dominique amepita kuniaga kabla ya safari. Aliusogelea, akautazama kwa muda, akanigeukia.

"Na mutu iko wapi?" aliuliza.

Nilimjibu kwa sauti yangu, ile nisiyoijua:

"Amefika."